Njia Iliyoendelea Chini ya Maji

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, nimesimama mbele ya darasa la saba kule juu ya bwawa la Kiambere, chaki mkononi, nikijiona mwalimu kweli kweli. Nilikuwa msichana wa Majengo, Meru mjini, binti wa mchinjaji. Nilikulia kati ya msikiti na mabucha, Kiswahili nikakinyonya kwa mama na Kizungu nikajipalilia mwenyewe kwa bidii na kiburi kidogo. Watu husema jogoo wa shamba hawiki mjini. Hakuna aliyenionya kwamba jogoo wa mjini naye akipelekwa shamba huwika saa zisizo zake.

Shule ilikuwa juu ya mwinuko, na chini yake bwawa. Miaka kumi hivi kabla sijafika, bonde lile lilikuwa na watu, mashamba ya mtama, maduka na barabara. Kisha maji yakaletwa, watu wakahamia juu, na barabara ikaachwa palepale ilipokuwa. Ilianzia karibu na geti letu, ikateremka mlima bila kupinda, ikaingia majini kama mtu anayejua anakokwenda. Mwaka ule mvua ilikataa, bwawa likawa linapungua, na kila wiki kipande kingine cha barabara kilitoka nje kikiwa kimepakwa matope. Miti iliyokufa zamani ilisimama kando yake, myeupe, bila gome. Mbuzi wa kijijini walikula majani hadi ukingoni mwa njia ile, kisha wakageuka. Nililiona jambo hilo wiki yangu ya kwanza, nikacheka.

Sasa sikiliza tulichokuwa tunasoma. Kizungu kina tabia ya kukifunga kitenzi mkia mdogo, na mkia huo ndio unaokuambia jambo limefika wapi. Ukisema mtu *walks*, anatembea tu, basi. Ukisema *he walks on*, hajasimama, na hakuna anayejua atasimama wapi. Na uzuri wake, mkia huohuo unapima njia na unapima muda. *The road goes on*, barabara inazidi kwenda. *The sickness drags on*, ugonjwa unajikokota siku nenda siku rudi. Halafu kuna mikia ya kufunga. Maji *dry up*, yamekauka yote. Unga *run out*, debe ni tupu. Ukisoma kitabu *through*, umekitoa mwanzo ukakifikisha mwisho. Nilivipenda vineno hivi, na bado navipenda. Mzungu ana mengi ya kulaumiwa, lakini kwa hili la kupima safari kwa neno dogo kama punje ya ndengu, nampa heko.

Mimi kwa ujuzi wangu nikapanga kuanza na ile ya kuendelea peke yake. Ya kumaliza nikaiweka kipindi kitakachofuata.

Nikawaambia watoto watazame dirishani. Kila mmoja atasimama, atoe sentensi yake, na ifuate ya mwenzake. Wa kwanza akasema barabara inateremka. Wa pili akasema, *it goes on*. Wa tatu, *it goes on under the water*, inaendelea chini ya maji. Wakacheka, nami nikacheka nao. Wa nne akasema kuna mtu anatembea kando ya barabara, huko chini. Hapo kicheko kikapungua. Zamu ikafika kwa Wanja, msichana mrefu aliyekaa dawati la dirishani, mtoto wa kujibu kwa sauti ndogo na kujibu sawa. Akasimama, hakunitazama mimi, alitazama bwawa.

"*He walks on*," akasema. Kisha akaongeza bila kuambiwa, "*He is coming up*," yaani anapanda kuja huku juu kwetu.

Kengele ikalia. Nikafuta ubao na kusema tutaendelea kesho.

Kesho haikuja, mwanangu. Kipindi kililiwa na mkutano wa wazazi, na siku iliyofuata nikashikwa na malaria iliyonilaza wiki nzima na zaidi. Nilitetemeka kwenye chumba changu cha kupanga, nikisikia watoto wakipita nje na madumu ya maji. Walikuwa wakisemezana, na nilidhani ni homa inayonidanganya, kwa sababu nilisikia sentensi zangu.

Niliporudi shuleni nilimkuta mtoto wa darasa la kwanza akifagia mbele ya ofisi. Huyo hakuwa ameanza hata kuandika jina lake vizuri kwa Kizungu. Alikuwa akifagia huku akiimba, *he walks on, he walks on*. Nikamuuliza ni nani anayetembea.

"Yule, Madam."

"Yule nani?"

"Yule wa barabara. Jana alikuwa mbali huko chini. Leo amesogea, akivuka daraja atafika kwa duka, halafu kwa kinu cha kusagia."

"Nani amekwambia?"

Akanishangaa, jinsi ungemshangaa mtu anayeuliza nani amekwambia ni asubuhi. "Hakuna mtu amesema," akajibu. "Anakuja tu."

Niliuliza darasa la tano, nikauliza la saba, jibu likawa lilelile. Hawakuogopa, na hilo ndilo lililoniogopesha mimi. Walijua amefika wapi, wakaniambia kwa adabu, wakaendelea na michezo yao. Duka gani? Duka la chini, Madam, lile lenye ngazi ya buluu.

Mwalimu mkuu wetu aliitwa Ireri, mzee wa Kimbeere, mkimya, aliyetembea na vipande vya chaki mfukoni hata siku za Jumapili. Alisikia habari ya ngazi ya buluu akiwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. Aliniambia duka hilo lilikuwepo kweli, huko bondeni, na mwenye duka alipenda rangi. Maji yalilifunika wakati watoto hawa wa darasa la saba walikuwa wanabebwa mgongoni, na wale wadogo hawajazaliwa.

"Basi wazazi wao waliwasimulia," nikasema.

"Labda," akasema.

Siku chache baadaye maji yalishuka tena. Niliteremka mwenyewe mchana, jua likiwa utosini, kwa sababu mimi ni mbishi. Kando ya barabara, katikati ya matope yaliyokauka na kupasuka, palikuwa na msingi wa nyumba na ngazi moja ya saruji. Nilisugua matope kwa kiatu. Ilikuwa buluu. Najiambia hadi leo kwamba wazazi waliwasimulia, na pengine ndivyo. Lakini wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na mchana ule nilipanda mlima ule kwa haraka ambayo haikumfaa mwalimu.

Ndipo mama yake Wanja akaja shuleni. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyeuza ndengu sokoni, na alisimama mlangoni mwa ofisi bila kutaka kuingia.

"Madam, huyu mtoto wangu hakuli," akasema. "Chakula chake anawekea baba yake kwa mlango. Asubuhi anafagia njia. Nikimuuliza, anasema ni wewe umemwambia baba anakuja."

"Mimi? Mama Wanja, mimi sijamwambia kitu kama hicho."

"Anasema ni sentensi ya Kizungu."

Hapo nilianza kuelewa nilichokuwa nimekigusa. Mumewe alikuwa mvuvi. Mwaka uliopita alitoka na mtumbwi wake, mtumbwi ukaonekana, yeye hakuonekana. Hapakuwa na mwili, kwa hiyo hapakuwa na mazishi. Kijiji kizima kilijua na kijiji kizima kilinyamaza, kwa huruma, na mama huyu alimwambia mtoto kwamba baba amesafiri kwenda kutafuta kazi upande wa Meru. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia ukweli. Akatazama chini. Akasema kila akifungua mdomo, maneno yanakataa, na siku zikapita, na sasa ni uongo mkubwa kuliko yeye. Nilimhurumia, mwanangu. Pia nilimkasirikia kidogo, maana ni rahisi kumkasirikia mwingine.

Alipoondoka, Mwalimu Ireri alifunga mlango. Sikuwahi kumwona amekasirika, na hata siku hiyo hakupaza sauti.

"Kwenu Majengo hamtambi hadithi?" akaniuliza.

"Tunatamba, Mwalimu. Usiku. Bibi yangu alikuwa akisema paukwa, tunaitikia pakawa."

"Na mchana?"

Hata kwetu tulikatazwa. Bibi alisema ukitamba hadithi mchana utapotea njia. Huku Mbeere, Mwalimu akaniambia, wazee walisema mifugo ndiyo itakayopotea, na kwamba hadithi ikishafunguliwa lazima mwenye kuifungua aifunge kwa kinywa chake, mbele ya waliosikia, kabla hawajatawanyika. Hata kama ni fupi. Hata kama watoto wamesinzia.

"Wewe umefungua stori saa sita ya mchana," akasema, "kwa watoto wa watu ambao makaburi yao yako chini ya maji. Ukaweka mtu kwa barabara. Ukamwambia atembee. Halafu kengele ikalia, ukaenda kula."

"Mwalimu, hiyo ilikuwa ni Kizungu tu. Ni zoezi la kitabuni."

"Kwani Kizungu hakina watu ndani?"

Akaniambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kesho, akasema, nitaingia darasa la saba, nitafundisha ile mikia yangu mingine, na nitamfikisha yule mtu mahali. Nilikubali. Nilijiandaa jioni ile kwa woga kama mwanafunzi.

Asubuhi Wanja hakuwepo darasani. Mwenzake akasema alikuja, akaweka mfuko wake, akatoka. Nikauliza yule mtu amefika wapi, na nilijisikia mjinga kuuliza, lakini niliuliza. Darasa zima likajibu kwa sauti moja, kwa utulivu, kama wanaitikia rejista.

"Kwa daraja, Madam."

Nilikimbia, mwanangu. Nilikuwa na viatu vya mjini, nikavivua getini. Mwalimu Ireri alinifuata akiwa na mti mrefu alioung'oa kwenye ua wa shule, na umri wake haukuonekana. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na upepo wala ndege. Mbuzi walisimama kwenye mstari wao ule ule wakitazama chini, wote upande mmoja. Tulipita kinu, tukapita ngazi ya buluu, na zaidi ya hapo barabara haikuwa imekauka. Juu ilikuwa na ganda gumu na chini ilikuwa uji. Wiki iliyotangulia ng'ombe alikuwa amezama pale, na pembe zake bado zilionekana.

Wanja alikuwa mbele ya zile pembe. Matope yalimfika magotini. Alikuwa amevaa sare yake safi, nywele zimechanwa, na ameinua mkono kama mtu anayempungia mgeni stendi ili asipotee. Mbele yake maji yalikuwa yakitikisika kidogo, mahali pamoja tu, na mengine yote yalikuwa yametulia. Mimi sikuona mtu. Nakwambia nilichokiona na nisichokiona.

"Wanja," nikaita. "Rudi polepole."

"Madam, nyamaza," akasema bila kugeuka. "Amefika kwa daraja. Utafanya arudi."

Nikataka kuingia. Mwalimu Ireri akanishika mkono. Alisema tukiingia wote wawili tutazama wote watatu, ni yeye atakayenyoosha mti, lakini mtoto mwenyewe lazima ageuke, na hatageuka akiwa anangoja.

"Maliza stori yako, Madam," akasema.

"Hapa?"

"Hapa. Sasa. Unangoja kengele?"

Nilianza kwa Kizungu, kwa sababu ndiko nilikoianzia. Nikasema yule mtu alitembea hadi darajani. Wanja akageuza kichwa tu, na uso wake ulikuwa wa mtu mzima.

"Usiseme," akasema. "Madam, tafadhali. Ukimaliza utakuwa umemuua."

Nilimpenda mtoto huyu na niliogopa. Ningeweza kusema lolote la kumtuliza. Ningeweza kumwambia njoo, tutamngoja pamoja nyumbani, na pengine angekuja siku hiyo, na kesho angerudi tena huko chini bila mti na bila sisi. Nikamfikiria mama yake na maneno yaliyokataa kutoka. Nikaona kwamba mtu fulani lazima ayatoe, na kwamba atakayeyatoa hatasamehewa, na kwamba huyo ni mimi.

"Basi nitakuwa nimemuua mimi, Wanja," nikasema. "Si wewe. Si mama yako. Mimi."

Na Kizungu kikaniishia. Nilimaliza kwa Kiswahili, lugha niliyonyonya, maana kuna mambo huwezi kumwambia mtoto kwa lugha ya kupaliliwa.

"Alifika darajani," nikasema. "Alikuwa amechoka. Akalala hapo hapo, na hatatembea tena. Baba yako alikufa majini, Wanja, mwaka jana, siku mtumbwi ulipoonekana. Hakuenda Meru. Hayuko njiani. Hadithi yangu imekwisha hapo."

Pale maji yalipokuwa yakitikisika, yakatulia. Kisha mtoto akapiga ukelele ambao sijausikia tena maishani, akageuka, akaanza kuja. Alikuja kwa hasira, mwanangu. Huzuni ingemzamisha pale pale, lakini hasira ilimvuta mguu mmoja baada ya mwingine kutoka kwenye uji ule. Mwalimu Ireri akamtupia mti, mtoto akaushika, mzee akamvuta. Alipofika nchi kavu alinirukia akanipiga kifuani kwa ngumi zilizojaa matope. Nilizipokea zote. Baadaye ngumi zikawa hafifu, akalia, na sisi wawili tukakaa kwenye barabara ile katikati ya jua mpaka mama yake akaja.

Akina mama wa kanisa walikwenda kwao jioni hiyo. Wakaomba, wakaimba, wakamtaja yule baba kwa jina lake ambalo mwaka mzima halikuwa limetamkwa kwa sauti. Walipika, na Wanja akala. Mimi Mwislamu nilikaa nje na wanaume nikaitikia amina. Siku iliyofuata nilimuuliza yule mtoto wa darasa la kwanza mtu wa barabara amefika wapi. Akaniuliza, mtu gani, Madam?

Wanja alimaliza darasa la nane bila kunisalimia. Alijibu maswali yangu, akapita mtihani wake, akaondoka. Sijawahi kupata shukrani yake na siidai.

Sasa nakwambia wewe, mwanangu, uliye na simu yako mkononi na mambo yako mengi. Mnaanza vitu siku hizi! Mnaanzisha mapenzi, mnaanzisha kazi na watu, mnampa mtu matumaini kwa nusu sentensi, kisha kengele yenu inalia mnaenda. Mmoja anabaki akitazama zile tiki mbili, hajui kama umekufa au umechoka naye. Unadhani umemhurumia kwa kunyamaza. Umemweka barabarani, ukamwambia atembee. Hakuna marefu yasiyo na ncha, lakini ncha nyingine hazionekani mpaka mtu ajitolee kuzionyesha. Kama unaondoka, sema unaondoka. Kama kazi haipo, mwambie kijana haipo, asije kufagia mlango wako kila Jumatatu. Kama ni mwalimu kama nilivyokuwa, ukifundisha neno la kuendelea, usiache darasa kabla hujafundisha na la kumaliza.

Na siku moja utamwona mtu amesimama akimpungia asiyekuja, na wewe unajua, na wote wengine wamenyamaza. Mwambie. Usimwachie mamaye, usimwachie muda, muda haufundishi mtu kutoka matopeni. Atakuchukia. Heri akuchukie akiwa nchi kavu.

Mola akupe safari ndefu na miguu ya kuifaa. Akupe mwisho mwema, na siku utakapofika darajani kwako, asikose kuwepo mtu wa kuwaambia wanaokupenda ni wapi ulipoishia. Amina.